Kwa Nini Chungu cha Mrindoni Kina Mstari Tumboni

Aliyenieleza habari hii kwanza ni Bibi Nanzia, bibi wa mume wangu, ambaye hufinyanga vyungu hapa Mrindoni. Mimi si mwenyeji. Niliolewa huku kutoka bondeni. Alinieleza mchana tukikanda udongo, siku moja kabla ya siku yangu ya kusimama mbele ya wanawake wa shimo la udongo na kusimulia hadithi ya mwanangu, kama anavyotakiwa kila mama wa hapa kabla mtoto hajapewa jina. Nilikuwa nimemwambia kwamba nimejaribu kuipanga hadithi hiyo siku nne na bado sijui nianzie wapi. Aliniuliza kama nimewahi kujua kwa nini kila chungu cha Mrindoni kina mstari unaozunguka tumbo lake. Nilisema nilidhani ni pambo. Alicheka, akafuta mikono, akanieleza haya.

Ilikuwa wakati ambapo milima hii ilikuwa na nyani wengi kuliko watu, na shimo la udongo lilikuwa bado halijamzidi mtu kiunoni. Wakati huo vyungu vya Mrindoni havikuwa na mstari. Vilikuwa vizito, vinene chini kama mawe ya kusagia, na maji yalichelewa kuchemka ndani yake hata watoto wakalala na njaa wakisubiri. Sababu ni kwamba palikuwa na amri moja tu ya kufinyanga, na amri hiyo ilisema: kitako kwanza. Unaanza na kitako, unapandisha ukuta, unamaliza na mdomo. Kwa kuwa udongo wa hapa ni laini mno, kitako chembamba hakikuweza kubeba ukuta, ndiyo maana wakakifanya kinene.

Amri hiyohiyo iliongoza hata hadithi. Mtoto alipozaliwa, mama yake alisimama shimoni asubuhi ya mwezi mwandamo, akasimulia hadithi ya mtoto tangu chini kabisa. Alianza na babu wa babu, alikotoka, aliyemwoa, watoto waliowazaa, akapanda hivyo kizazi hadi kizazi mpaka afike kwa mtoto mwenyewe. Wanawake waliridhika, mtoto akaogeshwa kwa maji ya chungu alichokifinyanga mama yake, akapewa jina. Mama aliyeshindwa alirudi mwezi unaofuata. Aliyeshindwa mara tatu alimpisha wifi yake. Wifi alisimulia, wifi alitoa jina, na mtoto alihamia nyumbani kwa wifi, kwa kuwa watu waliamini kwamba mtoto ni wa yule aliyeweza kumsimulia.

Palikuwa na mwanamke kijana aliyeitwa Mkunde. Alikuwa mtu wa maneno machache. Hata alipotaka chumvi kwa jirani alisimama mlangoni mpaka jirani amwone. Alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, wa kike, na alimpenda mtoto huyo kiasi kwamba alipokuwa akimwogesha alisahau kupumua.

Mara ya kwanza aliposimama shimoni, alianza vizuri. Alimtaja babu wa babu, akamtaja na mkewe. Alitaja mlima waliotoka. Kisha akafika kwa watoto wao saba na hapo majina yakamchanganyikia, akamwozesha mtu kwa dada yake mwenyewe.

"He!" akasema mwanamke mmoja. "Ukoo gani huo?"

Wanawake walicheka. Mkunde akaketi. Mama Kirumbi, aliyekuwa mkuu wa shimo, alipiga fimbo yake chini na kusema, "Mwezi ujao."

Wifi yake Mkunde aliitwa Nasemba. Nasemba hakuwa mtu mbaya, na Bibi alitaka nilielewe hilo. Alikuwa ameolewa miaka tisa bila kupata mtoto, na ulimi wake ulikuwa mzuri kuliko wote pale kijijini. Jioni ile aliporudi nyumbani alifagia pembe moja ya nyumba yake. Siku iliyofuata akaanza kuchonga kiti kidogo cha miguu mitatu. Hakumwambia mtu ni cha nani, wala hakuna aliyeuliza.

Mkunde alikiona kile kiti. Ndipo alipoacha haya zake kidogo, akaenda kuomba msaada.

Alikwenda kwanza kwa Mama Togho, aliyesifiwa kwa hadithi zilizonyooka. Mama Togho akamwonyesha njia yake. "Mwanangu, mimi hutumia maharage. Kila jambo punje moja. Naziweka mstari mbele yangu, nikimaliza jambo naondoa punje. Huwezi kupotea." Mkunde alishukuru sana. Alichagua punje ishirini na moja, za rangi tofauti, akazipanga na kuzipangua mwezi mzima. Punje nyeupe kwa wanawake, nyekundu kwa wanaume, yenye madoa kwa safari. Mwezi ulipoandama alikwenda shimoni, akatandika jani la mgomba, akazipanga punje zake. Alikuwa amefika punje ya nne kuku wa Mama Kirumbi alipokuja mbio, akadonoa mbili na kukimbia nazo.

"Jamani!" akapiga kelele yule mwanamke aliyecheka mwezi uliopita. "Kuku kamla babu yake!"

Hata Mama Kirumbi alificha uso kwa mkono. Mkunde alitafuta ni nani waliomezwa, asiwakumbuke, kwa kuwa kichwani mwake hapakuwa na watu tena, palikuwa na maharage. Akaketi mara ya pili.

Njiani kurudi, Nasemba alimfikia. Alimwangalia mtoto mgongoni, akamrekebishia mbeleko. "Wifi," akasema, "usilie. Kwangu atakula vizuri. Na wewe utakuja kumwona kila siku unayotaka."

Maneno hayo yalisemwa kwa upole, na ndiyo yaliyomuumiza Mkunde kuliko vicheko vyote.

Ulibaki mwezi mmoja. Baada ya hapo mvua zingeanza, shimo lingejaa maji, na mambo yote ya shimo yangefungwa. Mkunde akaenda kwa shangazi yake, ambaye watu walisema angeweza kuwasimulia hata nyuki wakaacha kazi. Shangazi alimcheka. "Kupanga kwa nini? Mimi hufungua mdomo tu. Hadithi inajua njia ya kwao. Wewe ifuate." Basi Mkunde alikwenda mtoni peke yake na mtoto, akafungua mdomo tu. Alianza na siku ya kujifungua. Kutoka hapo akapita kwenye mbuzi wa jirani aliyekuwa amepotea siku ileile, akamtafuta mbuzi huyo vilima viwili, akampata, akaeleza ugomvi wa wenye mbuzi, na jua lilipokuwa linazama alikuwa bado anasimulia habari za mbuzi. Mtoto alikuwa amelala zamani.

Alirudi nyumbani akijua kwamba njia ya shangazi ni nzuri kwa shangazi.

Na chungu nacho kilikuwa kinamsumbua. Kile cha kumwogeshea mtoto kilitakiwa kiwe kazi ya mikono yake, naye alikuwa amekifinyanga mara tano. Kila mara kitako kililainika, ukuta ukainama, chungu kikakaa chini kama mzee aliyechoka. Mara ya tano hakulia. Alikaa akikitazama kile kibonge cha udongo mapajani pake, akajiuliza swali ambalo hakuna mtu wa Mrindoni aliyewahi kujiuliza. Hakujiuliza anatakiwa aanze na nini. Alijiuliza, "Ni kitu gani hapa ninachoweza?"

Jibu lilikuwa rahisi. Aliweza midomo. Hata wafinyanzi wakubwa walimwita awamalizie midomo ya vyungu vyao, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vyepesi na mdomo alioufanya yeye haukukwaruza mkono. Basi akasema, angalau udongo usiharibike. Akaviringisha udongo ukawa kama ngata kubwa ya kubebea mzigo, akauweka juu ya jani kavu la mgomba, akavuta juu mabega ya chungu, akafanya shingo, akafanya mdomo. Akaulainisha mdomo kwa unyevu wa kidole mpaka ukang'aa. Huku chini palikuwa wazi. Kilikuwa chungu kisicho na kitako, kitu ambacho mtu akikiona angemwita mwendawazimu. Akakifunga sehemu ya chini kwa majani mabichi, akaondoka.

Asubuhi alirudi. Sehemu ya juu ilikuwa imekauka kiasi cha kushikika, haikubonyea. Akainyanyua ili aione vizuri, akaigeuza, akaiweka chini juu ya mdomo wake. Ikasimama. Mkunde akaitazama ile sehemu ya chini iliyokuwa sasa juu, bado ina unyevu kwa sababu ya majani. Akaanza kuivuta taratibu kuelekea katikati, huku akikwangua kwa kipande cha kibuyu, ikawa nyembamba, ikakutana, ikajifunga. Hakukuwa na uzito wowote wa kuiangusha. Ukuta ulikuwa umekwisha kukauka, nao sasa ndio uliokibeba kitako.

Alikaa pale akacheka peke yake mpaka mtoto naye akacheka.

Siku ile hakufanya kazi nyingine. Alimnyonyesha mtoto na kufikiri. Kama chungu kingeweza kuanzia pale mikono yake ilipokuwa na uhakika, je, hadithi? Katika habari zote za mtoto huyu, ni ipi ambayo hawezi kuikosea hata akiamshwa usingizini? Hiyo nayo alikuwa nayo, na alikuwa nayo siku zote. Hakuwahi kuitumia kwa sababu kila mtu alimwambia iko juu kabisa, ni ya mwisho, lazima kwanza aifikie.

Basi akaisimulia hiyo peke yake, kwa sauti, mtoto akinyonya. Kesho yake akaisimulia tena, na kesho kutwa tena, bila kuongeza kitu, mpaka maneno yake yakakauka na kuacha kubonyea. Ndipo akaigeuza. Akajiuliza, ili jambo hili litokee, ni nini kilitangulia? Akakipata, akakiunganisha. Na kabla ya hicho? Akakipata. Aliendelea kukusanya hivyo siku baada ya siku, akivuta kuelekea ndani, na alishangaa kuona kwamba wale mababu waliomkimbia mara mbili sasa walikuwa wanakuja wenyewe, mmoja mmoja, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na kazi ya kufanya.

Mwezi ukaandama. Asubuhi mawingu yalikuwa tayari juu ya mlima. Wanawake walikaa kuzunguka shimo, na Nasemba alikuja na kile kiti kidogo, kimepakwa mafuta.

Mkunde alisimama. Akasema:

"Mtoto huyu hakulia. Alipiga chafya."

Mama Kirumbi akainua fimbo. "Mkunde! Kitako kwanza. Babu wa babu yake yuko wapi?"

"Anakuja, mama," Mkunde akasema, kwa sauti ndogo. "Naomba nianzie ninaposhika. Kitako kinakuja."

"Hatujawahi kusikia kitu kama hicho," akasema Mama Kirumbi.

Fimbo ilikuwa bado juu, na ikishuka basi mambo yamekwisha, mtoto anahamia nyumba ya pili. Ndipo ikasikika sauti ya Nasemba.

"Mwacheni kwanza," akasema. "Alipiga chafya vipi? Wapi?"

Wenzake walimgeukia. Nadhani hata yeye mwenyewe alijishangaa. Lakini alikuwa msimulizi, na msimulizi hawezi kuachwa na chafya mkononi bila kujua imetoka wapi.

"Chini ya ngozi," Mkunde akajibu. "Alikuwa amekwisha kufunikwa."

"Amefunikwa! Na nani?"

"Na mama mkwe wangu. Mtoto alizaliwa njiani, tukitoka hapa shimoni, hana sauti wala hatikisiki. Mama mkwe akasema, pole mwanangu, akamfunika na ngozi ya mbuzi, akageuka ili asinione ninavyolia. Upepo ukapita. Ndipo tukasikia chafya. Mama mkwe bila kufikiri akasema, 'Kua!' kama tunavyowaambia watoto wote wakipiga chafya. Mtoto akamjibu kwa chafya ya pili."

Wanawake walicheka, na mama mkwe wake Mkunde, aliyekuwa amekaa nyuma, alijifuta macho kwa kiganja. Fimbo ya Mama Kirumbi ilikuwa imeshuka magotini pake polepole bila kupiga chini.

"Upepo ulileta nini?" akauliza Nasemba.

"Vumbi la udongo. Mzigo wangu ulikuwa umepasuka nilipoanguka."

"Na mwanamke aliyekaribia kujifungua alibebaje mzigo?"

Mkunde akaeleza. Alibeba kwa sababu siku hiyo walichimba udongo wa upande wa zamani wa shimo, ule mkavu, ambao ukiuacha hadi kesho unageuka unga. Upande huo ni wa ukoo wa mumewe. Ni mali yao kwa sababu baba wa babu aliuzungushia miiba wakati nyani walipokuwa wakija kuuchezea. Aliuzungushia miiba kwa sababu mama yake alimwapisha asiuache. Na mama huyo alimwapisha kwa sababu ndiye mtu wa kwanza kupiga jembe mahali hapa, alipofika milimani akiwa hana chombo hata kimoja cha kupikia, mtoto mgongoni, na kuona ardhi inayoshika umbo la unyayo wake.

Wanawake walikuwa wamejisogeza mbele. Wote walikuwa wamesikia habari za mwanamke huyo maisha yao yote, kila mwezi mwandamo, mwanzoni kabisa, wakati watu bado wanatafuta mahali pa kukaa. Hawakuwahi kumsubiri. Leo walimsubiri.

"Mwanamke huyo aliitwa Naetwe," Mkunde akasema. "Vumbi lake ndilo lililomwamsha mwanangu. Kwa hiyo mwanangu naye ni Naetwe. Nimefunga."

Akatoa chungu kwenye kapu. Kilikuwa kimechomwa, chekundu, chepesi hata Mama Kirumbi alipokipokea mkono wake uliruka juu. Katikati ya tumbo lake palikuwa na mstari. Mama Kirumbi akaupitisha ukucha.

"Hii nini?"

"Ndipo nilipogeuza, mama. Nilijaribu kuufuta, umekataa."

Mama Kirumbi akajaza maji, akakiinua juu ya kichwa chake, akangoja. Hakuna tone lililoanguka. Akalegeza mabega, akampa Mkunde chungu, na Mkunde akamwogesha Naetwe pale mbele ya wote, na mtoto, kwa mara ya kwanza mbele ya watu, alilia sana kwa sababu maji yalikuwa ya baridi. Mkunde naye alilia, lakini huku anacheka. Alipomaliza aliona Nasemba amesimama karibu naye, ameshika kile kiti.

"Kiti ni chake," akasema Nasemba. "Sikumchongea mwingine. Ila wifi, siku akiweza kukaa, umlete akae kwangu kidogo."

"Nitamleta," akasema Mkunde. "Nawe utamsimulia. Mimi nimechoka kwa mwaka mzima."

Mvua ilianza kabla hawajafika nyumbani.

Mwaka uliofuata wafinyanzi wote walijaribu njia ya Mkunde, wakaona udongo wa Mrindoni unaipenda, wakaacha vitako vinene. Lakini katika hadithi haikuwa hivyo. Wapo walioanza na mdomo kama yeye. Mama Togho alibaki na maharage yake, ila alianza kuyaweka ndani ya kibuyu. Shangazi aliendelea kufungua mdomo tu, na mbuzi waliendelea kupotea na kupatikana. Mama Kirumbi alitafakari jambo hilo kipindi chote cha mvua, na shimo lilipofunguliwa aliifuta amri ya kitako kwanza. Badala yake aliweka swali.

Na tangu siku hiyo, chungu cha Mrindoni huanza kwa mdomo na kumalizwa kwa kitako, ni chepesi na huchemka upesi, na mstari wa pale kilipogeuzwa hauguswi. Na tangu siku hiyo, mama akisimama shimoni na mtoto wake, hakuna anayemwambia aanzie wapi. Wanawake humwuliza tu, "Umeshika wapi?" naye huanzia hapo.

Bibi Nanzia alipomaliza, alilowesha mikono na kurudi kwenye udongo wake. Hakuniambia nifanye nini. Nilipumua kama mtu aliyetua ndoo.

Asubuhi iliyofuata nilimfunga mwanangu mgongoni, nikaenda shimoni. Walikuwepo wanawake kumi na tatu. Waliniuliza nimeshika wapi. Sauti yangu ilikuwa ndogo, lakini ilitoka. Nilisema, "Mtoto huyu alizaliwa nikiwa nimevaa mabuti ya baba mkwe wangu."

"Ya baba mkwe?" wakauliza kwa pamoja.

"Ndiyo," nikasema, nikaendelea.